Nyonga 300 za Wrightington: kisa cha upasuaji uliolazimika kurudiwa

Mei 1961 jarida la tiba la Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya daktari mpasuaji wa mifupa, John Charnley. Alieleza njia mpya ya kumbadilishia mtu nyonga iliyoharibika: kichwa kidogo cha chuma cha pua, shina lake likisimikwa kwa saruji maalumu ya mifupa ndani ya fupa la paja, kikizunguka katika kikombe cha plastiki nyeupe. Plastiki ile ilikuwa Teflon, hiyo hiyo inayopakwa kwenye vikaango ili mayai yasigande. Watu walioshindwa hata kuinama kuvaa soksi walitoka wodini wakitembea bila maumivu, na makala ilisomwa kwa furaha.

Haukupita muda mrefu, daktari huyo huyo akaanza kuwarudisha wagonjwa wale wale mezani, mmoja baada ya mwingine, kuwatolea alichowawekea. Walikuwa takriban 300.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu upasuaji wa marudio wa nyonga tunauzungumza kama ajali ya mtu binafsi: fulani hakuwa na bahati, fulani hakufuata masharti. Kisa cha Wrightington kinaonyesha chanzo, ukimya uliofuata, gharama yake mwilini, na kilichofanyika baada ya hapo. Ni nadra kuyaona yote hayo katika kisa kimoja.

Wrightington ilikuwa hospitali ya kifua kikuu, huko mashambani karibu na mji wa Wigan, Lancashire. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana, vitanda vikaanza kubaki wazi. Charnley, mzaliwa wa Bury katika eneo hilo hilo mwaka 1911, akaomba nafasi afungue kituo cha nyonga. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa daktari wa jeshi nchini Misri, na huko alizoea kushirikiana na mafundi kutengeneza vifaa vya mifupa. Kwa hiyo Wrightington aliweka karakana yenye mashine za kukereza vyuma, na fundi mmoja, Harry Craven, ambaye tutamkuta tena mbele.

Wazo lake lilianza na mlio. Alikuwa amemwona mgonjwa aliyewekewa kichwa cha plastiki cha aina ya Judet, kilichobuniwa na ndugu wawili wapasuaji wa Paris. Mtu huyo alipoinama mezani nyonga yake ilipiga kelele kama bawaba isiyopakwa mafuta, kiasi kwamba mkewe alishindwa kuvumilia kukaa naye meza moja. Daktari mwingine angesema mlio si ugonjwa. Charnley aliusikia kama ushahidi: penye mlio pana msuguano, na msuguano unakizungusha kiungo bandia kidogo kidogo ndani ya mfupa hadi kilegee. Alipima viungo vya asili akakuta gegedu hai, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, linateleza kuliko barafu juu ya barafu. Akajiuliza ni kitu gani cha kutengenezwa na binadamu kinachoweza kukaribia utelezi huo.

Majibu yake yalikuwa matatu. Kichwa kiwe kidogo, ili hata msuguano ukiwepo usipate nguvu ya kukinyonga kikombe. Mwishoni alifikia kipenyo cha milimita 22 na ushee, kidogo sana ukilinganisha na kichwa cha asili cha mtu mzima. Shina lishikiliwe na saruji inayojaza uwazi wote, ili uzito wa mwili usambae kwenye mfupa badala ya kugandamiza sehemu chache. Na kikombe kiwe cha kitu chenye utelezi kuliko vyote. Wakemia wakamtajia Teflon: inateleza, haiyeyuki, haishiki na chochote.

Mawili ya kwanza yalisimama. La tatu ndilo lililowaangusha watu 300.

Hapa ndipo ninapokaa kila nikikisoma kisa hiki. Charnley hakuwa mzembe. Alipima, tena kwa uangalifu. Lakini alipima utelezi, hakupima kuchakaa. Ni mambo mawili tofauti: sabuni inateleza kuliko jiwe, lakini isugue sabuni na jiwe kwa wiki moja uone kipi kitabaki. Mtu wa kawaida hupiga hatua zipatazo milioni moja kwa mwaka kwa kila mguu. Kwenye kila hatua nyonga hubeba mara kadhaa ya uzito wa mwili, maana misuli nayo inavuta. Teflon haikuwekwa kwenye jaribio la namna hiyo kabla ya kuwekwa kwenye miili ya watu. Hilo ni kosa, na nalitamka hivyo nikimheshimu aliyelifanya.

Kilichofuata kilijificha. Miezi ya kwanza ilikuwa ya sherehe. Mgonjwa aliyeingia na magongo mawili alitoka na fimbo moja, kisha fimbo nayo akaiweka pembeni. Kama Charnley angehesabu mafanikio wakati huo na kufunga daftari, Teflon ingekuwa ushindi wa karne. Lakini alikuwa na desturi ya kuwaita wagonjwa wake na kuwapiga picha za eksirei mwaka hata mwaka, na picha zikaanza kusema kabla wagonjwa hawajasema. Kichwa cha chuma, kilichokuwa katikati ya kikombe, kilionekana kimepanda juu. Picha iliyofuata kimepanda zaidi. Chuma kilikuwa kinajichimbia njia ndani ya plastiki, milimita baada ya milimita. Baadhi ya wenye nyonga hizo walikuwa bado wanatembea na kushukuru.

Baadaye maumivu yakaja. Nyonga zilipofunguliwa, kikombe kilikuwa kimeliwa, na kukizunguka kulikuwa na kitu cheupe kilichoganda kama maziwa mgando, kinachofanana na usaha. Maabara haikukuta vijidudu. Ilikuta vipande vidogo mno vya Teflon, vimezingirwa na seli kubwa za kinga.

Leo tunaelewa vizuri zaidi kilichokuwa kikitokea. Seli za kinga zinameza chochote kigeni zinachoweza kukimeza. Kijidudu huuawa, chembe ya plastiki haiuawi wala haimeng'enywi. Seli inabaki imevimbiwa, inatoa kemikali za kuita msaada, na kemikali hizo huamsha seli zinazokula mfupa. Kwa hiyo hasara ni mbili: kikombe kinaisha, na ukuta wa mfupa unaokishikilia unaliwa kutoka nyuma. Kwa miaka mingi baada ya Charnley watu waliilaumu saruji kwa uharibifu huu, mpaka ilipothibitika kwamba hata nyonga zisizo na saruji zinaupata, na kwamba chembe za kuchakaa ndizo mzizi.

Kwanza Charnley alijaribu kuiokoa Teflon kwa kuichanganya na vitu vya kuiimarisha. Kwenye mashine mchanganyiko ulifanya vizuri zaidi. Kwenye mwili wa mtu ulichakaa vile vile. Hapo akakubali yaishe.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji, maana ndiko mgonjwa anakolipia. Upasuaji wa kwanza wa nyonga una mpangilio: misuli iko mahali pake, mfupa ni mzima isipokuwa pale ulipougua, mshipa wa fahamu wa siyatiki upo pale kitabu kinaposema upo. Upasuaji wa marudio unaanzia kwenye kovu. Kovu limegandisha kila kitu, na mshipa wa fahamu unaweza kuwa umevutwa hadi mahali pasipotarajiwa. Shina la chuma lazima ling'oke, na likiwa limeshika vizuri ndiyo shida zaidi, kwa sababu linaweza kuondoka na mfupa. Saruji ya zamani inatolewa kipande kwa kipande kwa patasi nyembamba na nyundo, ndani ya mrija wa mfupa uliopungua unene, ambao pigo moja la pembeni linaweza kuupasua. Damu inayopotea ni nyingi zaidi. Muda ni mrefu zaidi, na kila saa ya ziada jeraha likiwa wazi inaongeza nafasi ya vijidudu. Mgonjwa naye ameongezeka umri tangu mara ya kwanza. Ndipo daktari anafika kwenye swali gumu kuliko yote: mfupa uliobaki unatosha kushikilia kitu kingine? Usipotosha, kuna njia za kuujenga kwa mfupa wa kupandikiza au kwa vyuma virefu zaidi. Zikishindikana zote, kiungo kinaondolewa na nafasi inaachwa tupu izibwe na kovu. Mtu anaishi, maumivu yanapungua, lakini mguu ni mfupi na gongo haliachiki.

Charnley hakuwakabidhi wagonjwa hawa kwa wasaidizi. Alizifanya mwenyewe kazi hizo za kung'oa, akiwatazama usoni watu aliowaahidi nyonga ya kudumu. Nadhani kila mpasuaji anapaswa kupita huko angalau mara moja kabla ya kutangaza kifaa kipya.

Craven anarudi hapa. Mwaka 1962 muuzaji mmoja alipita Wrightington na kipande cha plastiki nyingine, polithini nzito, iliyokuwa ikitengenezewa gia za mashine za kufuma nguo katika viwanda vya Lancashire. Charnley alikitazama, akakikandamiza kwa ukucha, akamwambia Craven asipoteze muda. Craven hakukitupa. Alikifunga kwenye mashine ya majaribio, akaiacha izunguke usiku na mchana. Wiki tatu zilipopita, plastiki ile ilikuwa haijachakaa hata kufikia kiwango ambacho Teflon ingekifikia kwa saa 24. Ilikuwa na utelezi mdogo kuliko Teflon. Hilo halikudhuru, kwa sababu safari hii kilichopimwa kilikuwa kuchakaa kwenyewe.

Ninampenda Charnley zaidi kwa alichofanya baada ya hapo kuliko kwa uvumbuzi wenyewe. Alipandikiza vipande vya Teflon na vya polithini kwenye nyama ya paja lake mwenyewe. Akakaa navyo miezi tisa. Vile vya Teflon alivipapasa chini ya ngozi vikiwa vinundu vilivyokaribia mara mbili ya ukubwa wake wa awali, maana mwili ulikuwa umevizingira. Cha polithini alikipapasa kwa shida. Desemba 1963 aliyaandika hayo kwenye Lancet, jarida lile lile lililobeba habari zake njema za 1961.

Nyonga ya kwanza ya polithini iliwekwa Novemba 1962. Na sasa akawa mzito wa kutoa. Kiwanda cha Thackray cha Leeds kilichotengeneza kifaa hicho hakikuruhusiwa kumuuzia daktari yeyote ambaye hajaja Wrightington kujifunza. Wenzake walinung'unika. Yeye alishaona kitu kizuri kwa mwaka wa kwanza kikioza mwaka wa tatu. Alijenga pia chumba cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa, akawavalisha wapasuaji mavazi yanayofyonza pumzi zao, na maambukizi ya jeraha yakashuka hadi chini ya 1%.

Matokeo ya muda mrefu ya nyonga hiyo ya pili tunayo, kwa sababu kuna watu walioendelea kuhesabu. Katika jimbo la Iowa, Marekani, wagonjwa waliowekewa nyonga za Charnley na daktari mmoja kati ya 1970 na 1972 walifuatiliwa kwa miongo mitatu na zaidi. Karibu tisa katika kila kumi ya nyonga zile ama zilikuwa bado zinafanya kazi, ama ziliingia kaburini na wenyewe bila kurudiwa.

Kwa nyonga za aina zote kwa pamoja, hesabu iliyochapishwa 2019 kutokana na daftari za kitaifa za viungo bandia inasema 58% hudumu miaka 25. Lakini wastani huo unaficha umri. Uchunguzi mwingine kutoka Uingereza, wa 2017, ulionyesha kwamba anayebadilishiwa nyonga akiwa amepita miaka 70 ana takriban nafasi 5 katika 100 ya kurudiwa maishani mwake. Mwanamume wa miaka hamsini na kidogo nafasi yake inafika takriban theluthi moja. Wa kwanza nyonga inamaliza safari naye. Wa pili anaishi kuliko nyonga yake, na anaitumia zaidi kila siku.

Kuna hesabu ya tatu, ya 2022, ambayo naona haisemwi vya kutosha kliniki. Nyonga iliyorudiwa mara ya kwanza, kidogo zaidi ya moja katika kila tano inarudiwa tena ndani ya miaka 15. Iliyorudiwa mara ya pili, kiasi kama hicho kinarudiwa ndani ya miaka 7. Ya tatu, ndani ya miaka 3. Soma tena mfululizo huo: 15, 7, 3. Kila marudio yanakula karibu nusu ya muda, na sababu yake tumeiona kwenye patasi na nyundo. Kwa mgonjwa kijana, basi, kuichelewesha nyonga ya kwanza kwa miaka mitano bila kumtesa ni tiba, na kuipata iliyo sahihi tangu mwanzo ni tiba kubwa zaidi.

Ya Wrightington yalijirudia, kwa sura nyingine, miaka karibu 50 baadaye. Kampuni ya DePuy ilitoa nyonga ya chuma juu ya chuma, ASR. Hoja ilikuwa kwamba chuma hakichakai kama plastiki. Kweli kilichakaa kidogo, lakini vumbi lake lilikuwa kobalti na kromiamu, na nyama iliyozunguka nyonga ikaanza kufa. Agosti 2010 kampuni iliiondoa sokoni. Nyonga zipatazo 93,000 zilikuwa zimekwishawekwa duniani, na daftari la Uingereza lilikuwa linaonyesha takriban mgonjwa mmoja katika kila wanane amerudiwa ndani ya miaka mitano. Kilichoiumbua ni daftari: Australia ilianza kuandika kila nyonga 1999, Uingereza 2003, Sweden tangu 1979. Charnley aliweza kugundua kwa macho yake kwa sababu wagonjwa walikuwa 300 na wote wake. Wakiwa 93,000 mikononi mwa maelfu ya wapasuaji, bila daftari kila daktari anaona wawili watatu na kudhani ni bahati mbaya.

Jambo hili linatugusa huku kwetu kuliko tunavyofikiri. Nyonga zinabadilishwa katika taasisi ya mifupa ya MOI Dar es Salaam, zinabadilishwa hospitali ya KCMC Moshi, zinabadilishwa Nairobi. Na kundi mojawapo linalozihitaji ni vijana wenye selimundu. Tanzania huzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Seli zilizopinda huziba vijishipa vinavyolisha kichwa cha fupa la paja, kichwa kinakufa, kinabonyea, na kijana wa miaka 25 anachechemea kama mzee. Huyu yumo kwenye upande mbaya wa hesabu zote nilizotaja. Nyonga yake ya kwanza karibu hakika haitakuwa ya mwisho, na mfupa wake tayari una makovu ya selimundu kabla patasi haijaugusa.

Ukikaa kwenye benchi la kliniki za mifupa utasikia maongezi haya, hayabadiliki sana.

"Mama, ulipewa tarehe ya mwaka jana, mbona hukuja?"

"Baba daktari, sikuwa na shida yoyote. Nije kufanya nini, kupoteza nauli?"

Ana haki ya kuuliza. Nauli kutoka wilayani ni pesa, na hajawahi kuelezwa kwamba nyonga inaweza kuchakaa bila kuuma. Jibu analostahili ni lile la picha za Wrightington: kichwa kilikuwa kinapanda huku mtu anatembea na kushukuru. Kikombe kilichochakaa kikigundulika mapema, mara nyingine hubadilishwa chenyewe tu, mfupa ukiwa bado upo. Kikigundulika mgonjwa anapoanguka jikoni, ni shina, ni kikombe, ni mfupa wa kupandikiza, ni miezi ya magongo. Malawi, majirani zetu, walianza daftari lao la taifa la viungo bandia mwaka 2005, kwa hiyo hoja kwamba nchi zetu hazina uwezo huo siikubali. Wakati tunalisubiri la kwetu, mgonjwa aombe aandikiwe jina la kifaa alichowekewa, ukubwa wake, upande na tarehe, na karatasi hiyo aitunze pamoja na hati ya nyumba. Siku ya marudio, mpasuaji asiyejua anachokwenda kung'oa anaanza kazi gizani.

Charnley alifariki 1982. Alikuwa amewaomba wagonjwa wake ruhusa moja ya pekee: wakifa, hata kama ni miaka 15 au 20 baadaye na nyonga haijawahi kuwasumbua, itolewe irudi Wrightington. Wengi walikubali. Vikombe vilipofika karakana, vilipimwa kimoja kimoja jinsi chuma kilivyoingia ndani ya polithini, na pembeni ya kila kipimo ikaandikwa idadi ya miaka ambayo mwenyewe aliitembelea.